Mfano na Asili Yake: Tafakuri ya Magari Madogo kutoka Uwanda wa Ufipa

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa na dini zimeyashughulikia kwa karne nyingi ni lile la mfano na asili yake, yaani uhusiano uliopo kati ya kitu kilichotengenezwa ili kifanane na kingine na kile kinachofananishwa chenyewe. Swali hilo huulizwa zaidi kuhusu sanamu za ibada, picha na maigizo, lakini limo pia katika jambo ambalo wanazuoni hulipita bila kuligeukia, nalo ni ukusanyaji wa magari ya mfano, ambayo wapenzi wake katika nchi nyingi huyalinganisha kwa undani wa vipengele na ubora wa kazi. Uwanda wa Ufipa, unaoinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, una haki ya kusikilizwa katika mjadala huu kwa sababu mbili: watoto wake wamezoea kuunda magari ya waya, mabua na madumu kwa mikono yao, na mababu zao, waliokuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, waliacha fundisho zito kuhusu maana ya kitu kimoja kufanana na kingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubora wa mfano hutokana na uaminifu wa mtengenezaji katika kuchagua cha kubakiza na cha kuacha, na kwamba uaminifu huo, kwa kuwa unamtaka mtu autii ukweli wa kitu kuliko matakwa yake, ni jambo la maadili na, kwa mwenye imani, ni jambo la dini.

Gari la mfano ni nakala ndogo ya gari halisi iliyotengenezwa kwa uwiano uliowekwa, yaani kwa kugawa kila kipimo cha gari halisi kwa namba ileile, hivyo kwamba katika uwiano wa 1:43 urefu, upana na kimo vyote huwa sehemu moja ya 43 ya vipimo vya asili. Uwiano huo una chimbuko lake katika treni za kuchezea, kwa kuwa kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyoasisiwa na Frank Hornby, ilianza kuuza vigari vya Dinky katika miaka ya 1930 ili visindikize reli zake ndogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Lesney ya London, iliyoundwa mwaka 1947, ilileta vigari vya Matchbox, ambavyo vilitokana na Jack Odell, mmoja wa mafundi wake, kumtengenezea binti yake mtambo mdogo wa kushindilia barabara uliotoshea ndani ya kiberiti, kwa sababu shule ya mtoto huyo haikuruhusu kitu cha kuchezea kikubwa kuliko hapo. Mwaka 1956 vigari vya Corgi viliingia sokoni vikiwa na vioo vya plastiki angavu madirishani, na mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ikatoa vigari vya Hot Wheels, vilivyosifika kwa mwendo kuliko kwa usahihi wa umbo. Katika historia hiyo fupi maswali makuu ya mfanano yamekwisha kujitokeza, kwa maana kigari cha Matchbox cha miaka ya mwanzo kilipimwa kwa kiberiti chake, na kwa sababu hiyo basi la ghorofa na gari dogo la familia vilitoka kiwandani vikiwa karibu na ukubwa mmoja. Kila kimoja kwa peke yake kilifanana vizuri na asili yake, lakini vikiwekwa pamoja vilisema uongo kuhusu uhusiano wao, jambo linaloonyesha kwamba ukweli wa kitu umo pia katika nafasi yake kati ya vitu vingine.

Namna mkusanyaji makini anavyolinganisha inastahili kutazamwa kwa karibu. Akiweka mezani vigari viwili vya Land Rover vya 1:43, vyote vya rangi ya kijani na vyote vikiiga gari la muundo mmoja, huanza na umbo la jumla, akiangalia kama boneti ina kimo kinachostahili mbele ya kioo na kama mteremko wa ubavu umeshikwa. Kisha hushuka kwenye vipengele: wavu wa mbele wa rejeta, ambao katika kigari cha bei ndogo huwa michoro iliyoinuliwa kidogo na katika kile cha bei kubwa huwa bati jembamba lililotobolewa kweli, bawaba za milango, ambazo katika Land Rover halisi huonekana nje na hivyo haziwezi kuachwa, mistari ya kutenganisha milango na bodi, ambayo ikiwa mipana mno hulifanya gari lionekane limekatwa kwa shoka, na tairi, ambazo kashata zake zinapaswa kuwa za barabara ya udongo. Mwishoni hukigeuza kigari chini juu na kutafuta chesesi, ekseli na bomba la moshi, ingawa sehemu hizo hazitaonekana tena kikisharudishwa kabatini. Kitendo hicho cha mwisho ndicho chenye uzito wa kifalsafa, kwa kuwa anayekagua upande usioonekana amekubali kwamba mfano una deni kwa asili yake hata pale ambapo hakuna shahidi.

Hata hivyo deni hilo haliwezi kulipwa lote, na sababu yake imo katika maumbile yenyewe ya vitu. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638 kuhusu sayansi mbili mpya, alieleza kwamba kitu hakiwezi kukuzwa wala kupunguzwa bila nguvu na uzito wake kubadilika kwa kiwango tofauti na urefu wake. Gari lenye uzito wa kilo 1,500, likipunguzwa kwa uwiano wa 1:43 kwa kila upande, lingepaswa kuwa na uzito wa gramu 19 hivi, kwa sababu ujazo hupungua kwa namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara mbili, ambayo ni 79,507. Na bati la bodi lenye unene wa milimita 1 lingekuwa na unene wa sehemu mbili hivi za mia za milimita, ambao hauwezi kuvumilia kidole. Kwa hiyo fundi hulazimika kunenepesha kilicho chembamba, kupunguza mng'ao wa rangi ambao juu ya kitu kidogo huzidi kiasi, na mara nyingine kupotosha kipimo kidogo ili jicho lione sawa. Kuna pia swali la wakati. Wakusanyaji wanaothamini magari ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, hutafuta mifano ya Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, na ile ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh iliyoshinda mwaka 1974 na 1976. Na mbele ya mifano hiyo hujiuliza kama gari lililo sahihi ni lile safi lililoondoka mstari wa kuanzia au ni lile lililofika likiwa limefunikwa na matope. Kila jibu huacha nje sehemu ya ukweli, na aliyetengeneza mfano amelazimika kuchagua saa moja kati ya saa nyingi za maisha ya gari.

Hapa ndipo mashaka ya Plato yanapoingia. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anafundisha kwamba viko vitanda vya namna tatu: kitanda chenyewe kilivyo katika asili yake, ambacho ni kazi ya Mungu, kitanda cha seremala, ambacho ni nakala ya hicho, na kitanda cha mchoraji, ambacho ni nakala ya mwonekano wa nakala, kikiwa kimeonyeshwa kutoka upande mmoja tu na mtu asiyejua useremala. Gari la mfano huponea sehemu ya lawama hiyo, kwa sababu laweza kuzungushwa na kutazamwa pande zote, lakini haliponei yote, kwa kuwa aliyeliunda aweza kuwa amepima kila kona ya bodi bila kuelewa hata kidogo kwa nini gari huenda. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alijibu kwamba binadamu hufurahia uigaji kwa sababu hujifunza kwa huo, na furaha ya kuutazama mfano ni furaha ya kutambua kwamba hiki ndicho kile. Majibu hayo mawili hayapingani kama inavyodhaniwa mara nyingi. Plato anauliza kama mwigaji anakijua kitu anachokiiga, na Aristotle anaeleza mtazamaji anapata nini pale mwigaji anapokijua, hivyo kwamba yote mawili yanaelekeza kwenye ujuzi wa kitu kama kipimo cha mfano wake.

Ujuzi huo unaonekana wazi katika magari ambayo watoto wa Ufipa, kama wenzao wa sehemu nyingi za Tanzania, hujitengenezea. Mavuno ya mahindi yakimalizika mashamba hubaki na mabua, na mtoto huchuna ganda gumu la bua akalifanya vijiti vya kuunganishia, huku sehemu laini ya ndani akiikata vipande vya bodi na magurudumu. Mwenye kupata waya hukunja chesesi nzima kwa mkono na jiwe, akafunga makutano yake kwa waya mwembamba. Magurudumu huyapata kwa kukata ndala zilizochakaa au kwa kutoboa makopo ya dawa ya viatu. Na bodi ya lori huikata kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Sehemu inayostahili kutazamwa zaidi ni ya mbele. Ekseli ya mbele huachwa iweze kugeuka, nayo huunganishwa na mti au waya mrefu unaopanda mpaka kifuani pa mtoto, ukiishia kwa usukani wa duara, hivyo kwamba anayekimbia nyuma ya gari lake anapokata usukani kushoto, magurudumu hukata kushoto. Kati ya ekseli na chesesi baadhi yao huweka vipande vya mpira wa tyubu viwe springi, ili mzigo wa mchanga au wa punje za mahindi usimwagike gari linapopita kwenye korongo.

Gari hilo halina vioo, halina taa, halina jina la kampuni lililochapwa kwa herufi zinazohitaji lenzi ili zisomeke; lakini lina usukani unaogeuza na springi zinazobonyea, vitu ambavyo vigari vingi vya kabatini havina. Uteuzi huo haukutokana na uhaba wa vifaa peke yake. Ufipa ni nchi ya mahindi, ulezi na maharage, iliyoinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi kabla barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga haijawekwa lami mazao yake yalisafirishwa kwa malori yaliyopambana na vumbi la kiangazi na utelezi wa masika, na yaliyoteremka kwenye kingo kali za uwanda kuelekea mabonde ya maziwa. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo amelijua lori kuwa kitu kinachobeba, kinachoyumba na kinachokata kona, na katika kuliiga ameshika kile alichokijua. Watoto hao nao hulinganisha kazi zao kwa ukali usiopungua ule wa wakusanyaji, wakitazama gari la nani linanyooka njia, tela la nani halipinduki na ekseli ya nani haichomoki. Kwa sababu hiyo si haki kulisifu gari la waya kwa huruma, kana kwamba kutengenezwa na mtoto kunaliondolea hukumu: gari la waya lenye magurudumu yasiyolingana, lililofungwa kwa haraka na kuachwa hivyo, limekosa uaminifu kwa asili yake sawasawa na kigari cha kiwandani ambacho wavu wake wa mbele umekosewa.

Zaidi ya mfanano wa kigari cha kabatini na ule wa gari la waya, uko mfanano wa namna ya tatu, na huo Ufipa inaufundisha kwa namna ambayo mahali pachache panaweza. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yanayoitwa kwa Kifipa malungu, au ilungu likiwa moja, ambayo yalifikia kimo cha mita 3 hivi na kuvuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila kusukumiwa na mifuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo kabla ya mhunzi kukifua kuwa jembe au shoka. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, jembe la kiwandani lilipoenea, lakini mabaki ya malungu bado yamesimama katika sehemu mbalimbali za uwanda, na wanaakiolojia, akiwemo Bertram Mapunda aliyefanya utafiti wilayani Nkasi, wameyachunguza kwa kina. Watafiti wa mila za uyeyushaji wameeleza kwamba ilungu jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, na kwamba wayeyushaji walijitenga na tendo la ndoa wakati wa kazi kwa sababu walihesabiwa kuwa katika ndoa na tanuru, ambalo lilitarajiwa kuchukua mimba na kuzaa chuma. Macho hayaoni mfanano wowote kati ya mnara wa udongo na mwanamke, wala tanuru haliendi wala halisemi kama mtu. Hata hivyo waliolijenga waliona kwamba mambo hayo mawili yanashiriki fumbo moja, yaani kitu kipya kutoka ndani ya kilichofichika, kwa joto, kwa subira na kwa hatari ya kuharibika, na walijiwekea miiko mikali kulingana na ufahamu huo.

Kwa hiyo inafaa kutofautisha mifanano mitatu. Mfanano wa sura ni ule unaoshika mwonekano, na kigari cha kabatini ndicho bingwa wake. Mfanano wa utendaji ni ule unaoshika namna kitu kinavyofanya kazi, nao umo katika gari la waya. Na mfanano wa maana ni ule unaoshika sababu ya kitu kuwa na uzito katika maisha ya watu, kama ulivyokuwa katika ilungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye mafundisho yake yameingia Ufipa kupitia seminari za Kanisa Katoliki, alitaja masharti matatu ya uzuri: ukamilifu, yaani kutopungukiwa na kile kinachostahili kuwapo; uwiano, yaani sehemu kupatana; na mng'ao, ambao wafafanuzi wake wengi wameuelewa kuwa ni hali ya asili ya kitu kujidhihirisha kupitia umbo lake. Masharti hayo yakitumiwa kwa magari ya mfano hutoa mwanga mkubwa, kwa maana ukamilifu hautaki kila kitu kiwepo, unataka kiwepo kile kinachostahili kulingana na lengo la kazi. Kigari cha Land Rover kisicho na bawaba za nje kimepungukiwa, na gari la waya lisilogeuka limepungukiwa, lakini gari la waya lisilo na wipa halijapungukiwa na kitu. Mng'ao nao huonekana pale ambapo mtazamaji, mbele ya mfano, anakijua kitu chenyewe vizuri kuliko alivyokijua mwanzo.

Pingamizi za kidini dhidi ya haya yote ni mbili, na zote zinastahili jibu la heshima. Ya kwanza inahusu kutengeneza mifano kwa jumla, kwa hofu kwamba mtengenezaji anashindana na Muumba. Katika Uislamu, masimulizi ya Hadithi yanaeleza jinsi Ibn Abbas alivyomshauri mtu aliyeishi kwa kutengeneza picha ajikite katika miti na vitu visivyo na roho, na jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyoona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha, akiwemo farasi mwenye mbawa za kitambaa, asivikataze bali akacheka; na kutokana na mapokeo kama hayo wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea vya watoto. Katika Ukristo, Mtaguso wa Pili wa Nikea wa mwaka 787 uliamua kwamba heshima inayotolewa kwa picha takatifu humfikia yule anayeonyeshwa na picha hiyo. Ingawa gari si kitu cha kuheshimiwa kwa namna hiyo, kanuni ya msingi inabaki na manufaa: mfano ni halali unapompitisha mtazamaji kuelekea kwenye asili, na ni hatari unapomzuia kwake.

Pingamizi ya pili inahusu ubatili wa kukusanya. Sura ya At-Takathur inawaonya watu walioshughulishwa na kuzidishiana mpaka wakafika makaburini, na Injili ya Luka, katika sura ya 12, inasimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi usiku uleule uliokuwa wa mwisho wake. Maonyo hayo yanamgusa mkusanyaji waziwazi, hasa yule anayenunua kigari na kukiacha ndani ya boksi lisilofunguliwa ili bei yake isishuke, kwa kuwa huyo ameacha kukitazama kitu na anaitazama hesabu. Maumbile yenyewe yanaunga mkono onyo hilo. Vigari vingi vya chuma hutengenezwa kwa zamaki, yaani mchanganyiko wa zinki na kiasi kidogo cha aluminiamu, magnesiamu na shaba; na zinki hiyo ikiingiliwa na risasi, hata kwa kiwango kidogo, hupasuka na kumomonyoka taratibu kutoka ndani bila dawa yoyote ya kuizuia. Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vimeangamia hivyo ndani ya makabati yaliyofungwa vizuri, mbali na mikono ya watoto, na kasoro iliyoviangamiza ilikuwamo tangu siku vilipomiminwa.

Lakini onyo dhidi ya kulimbikiza si onyo dhidi ya kutazama kwa makini, na hapa ndipo hoja nzima inapokamilika. Anayelinganisha vigari viwili kwa haki hujiweka chini ya mamlaka ya kitu asichokimiliki wala kukiamua, yaani gari lenyewe lilivyo. Hawezi kusema kwamba boneti iko sawa kwa sababu amekilipia kigari ghali, wala mtoto wa Laela au wa Matai huko Ufipa hawezi kusema kwamba lori lake linakata kona kwa sababu ameliunda yeye. Nidhamu hiyo ya kukubali kusahihishwa na kitu ni mazoezi ya unyofu, na dini zinazofundisha kwamba ulimwengu una Mwenyewe zina sababu ya kuithamini zaidi, kwa kuwa anayejizoeza kuona kilichopo badala ya anachotaka kuona amejizoeza jambo ambalo sala nayo hulitaka. Mifano ikiwa mingi mno, muda wa kuitazama mmoja mmoja hupotea na nidhamu hiyo hufa. Ndiyo maana uchache, ambao kwa mtoto wa kijijini ni hali ya lazima, kwa mkusanyaji mwenye uwezo unapaswa kuwa uamuzi.

Matokeo ya hoja hii hayaishii kwa wapenzi wa magari madogo. Vigari vya plastiki kutoka viwanda vya nje sasa vinauzwa sokoni Sumbawanga kwa bei ambayo wazazi wengi wanaimudu, na hakuna ubaya kwa mtoto kuvipata; hasara itakuwa kubwa endapo kumpatia mtoto kitu kilichokamilika kutamwondolea nafasi ya kuamua mwenyewe ni nini katika lori kinachostahili kubaki. Shule za uwanda huo zina uwezo wa kuliingiza gari la waya katika masomo ya sayansi na stadi za kazi, ambapo uwiano, ekseli na springi vingefundishwa kwa kitu ambacho mikono ya wanafunzi inakijua tayari; na malungu yaliyobaki yanahitaji ulinzi wa makusudi dhidi ya mvua na jembe, kwa kuwa ni ushahidi wa watu waliofikiri kwa kina juu ya mfanano walipokuwa wakitengeneza zana zao. Anayetaka kuuhukumu mfano wowote, uwe wa zamaki, wa waya au wa udongo, ana maswali matatu ya kuuliza: kama umeshika sura ya asili yake, kama umeshika utendaji wake, na kama umeshika sababu iliyofanya asili hiyo istahili kuigwa. Mfano utakaojibu vizuri hata swali moja kati ya hayo umetimiza kazi ya kweli. Na aliyeuunda, awe fundi wa kiwandani au mtoto mwenye dumu na kisu, amestahili kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaoutumikia ukweli.